Pumba za Kuku

Mwalimu alichukua punje ya mahindi aliyoiloweka tangu jana, akaipasua kwa ukucha mbele ya watoto wa darasa la pili.

"Ganda hili ndilo pumba. Hapa chini kuna kiini. Vitamini na mafuta mazuri yamo humu. Tukikoboa, tunabaki na weupe tu."

"Na pumba zinakwenda wapi?" akauliza binti wa fundi cherehani, yule waliyempachika jina la Kasuku kwa maswali yake.

"Tunawapa kuku."

"Kumbe kuku wanakula vizuri kuliko sisi!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akamkumbuka mwanawe wa kwanza.

Huyo alikunywa uji mweupe pe, asubuhi na jioni, wa unga uliokobolewa mara mbili. "Wangu hali pumba," Mwalimu, mama yake, alikuwa akiwaringia majirani. Mtoto akanyauka, nywele zikageuka rangi ya kutu. Mama akadhani unga bado haujawa safi, akaupeleka mashineni ukakobolewa mara ya tatu.

Mwaka ule mtoto alizikwa, na kuku wa mama yake walinenepa hata wakashindwa kuruka ua.

"Mwalimu," Kasuku akaita, "na wewe mtoto wako unampa uji upi?"



Mwalimu akainamia mkono wake. Kile kiini kilikuwa kimenasa chini ya ukucha. Akaanza kukichokoa, na kila alivyochokoa, ndivyo kilivyozidi kuingia ndani.