Changu wa Ijumaa

Kisu kilipopasua tumbo la samaki changu, damu nyeusi iliyoganda ikadondoka mezani. Kudra akapitisha kidole ndani. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjikavunjika. Wavu hauvunji mifupa. Baruti ndiyo inayovunja.

Boksi la samaki lilifika Mbeya asubuhi kwa basi, kutoka Kilwa. Juu yake, mwandiko wa kaka yake. Baruti ilimbakizia vidole viwili mkono mmoja, akashika msahafu akaapa ameacha kuvulia baruti.

"Vipi, mama?" aliuliza afisa uvuvi, mteja wake wa kila Ijumaa.

Kudra akashika panga, akamkatakata changu mpaka mfupa usijulikane. "Nimekukatia wa mchuzi."

Afisa akapokea mfuko, akautazama bila haraka.

"Nipe na mwingine," alisema. "Huyo usimpasue. Nitampasua mwenyewe."