Kitenge Chini ya Kiti

Ukungu ulikuwa umelala juu ya boneti la Landrova, na shemeji wa yule mgane mwenye gari akaichora safari kwa kidole kwenye umande: Njombe, Makambako, Iringa, hadi kule watu wanakokutana kushindana kuendesha magari matopeni.

"Yaani wanalipia tope!" mgane alifoka. "Wakubwa wangewaleta barabara yetu, wakwame bure."

Akainua kiti kutafuta jeki. Mkono ukagusa kitenge cha marehemu mkewe, Scolastika, kimekakamaa kwa udongo mwekundu. Walipokwama njiani kwenda hospitali Lugarawa, alikifungua kiunoni mwenyewe, na homa yake, akakitandika chini ya gurudumu. Hawakufika.

Alikilaza taratibu kwenye kiti cha abiria, akakifunga mkanda. Kisha akaifuta Makambako kwa kiganja, akachora kuelekea kusini.

"Shemeji, huko si Lugarawa?"

"Tumfikishe dada yako kwanza."