Barafu ya Maembe

Alasiri ile shangazi angekuja kumchukua Zuhura, akaishi kwa baba yake moja kwa moja. Raya angeweza kumkatia mwanawe matunda, wakala papo hapo. Akachagua barafu ya maembe, kwa sababu barafu lazima isubiriwe.

Zuhura aliponda maembe kwa uma, akamimina maziwa, akalamba kijiko. Wakajaza vikombe viwili, wakaviweka kwenye friza.

"Mama, imeganda?"

"Bado, mwanangu."

Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kushika, shangazi alipopiga hodi.

"Wifi, gari linasubiri," alisema, wala hakuketi.

"Barafu yake haijaganda," Raya alimjibu, kana kwamba hilo lingemzuia mtu.

Zuhura alikimbilia jikoni, akadidimiza kidole kwenye kikombe kimoja kupima. "Usiile, mama. Mpaka nirudi."

"Siili."

Asubuhi Raya alifungua friza. Barafu ilikuwa ngumu kama jiwe. Katikati ya kikombe kimoja palibaki kishimo chembamba, kirefu kidogo. Raya alijaribu kuingiza kidole chake. Hakikuenea.