Nailoni Chini ya Ngazi

"Yuwasema nailoni chini ya ngazi hataki," alisema Bi Mwanarusi, amesimama baina ya fundi na pazia la mlangoni. "Kabati na kitanda vifunike upendavyo. Chini, hapana."

Kombe alibaki amekumbatia nailoni yake. Miaka thelathini ya kupaka rangi majumba ya watu haikumfundisha namna ya kubishana na mtu asiyemwona. Nyuma ya pazia lile alikuwa mkaza mwana wa Bi Mwanarusi, mjane aliye katika mwezi wa tatu wa eda. Kombe si Mwislamu, lakini amefanya kazi Mji wa Kale kiasi cha kujua kwamba mwenye eda hatoki, hajipambi, wala mwanamume wa kando hamtii machoni. Hata sauti yake hakuwa ameisikia. Alisikia mnong'ono tu, kisha mama mkwe akaja na amri.

Chumba chenyewe kilitaka kufunikwa kwelikweli. Masika ilikuwa imeivujia dari na chokaa ikimwagika, na vyombo havikuweza kutolewa. Kitanda cha besera chenye nguzo nne na kabati la vioo vilipandishwa ghorofani vipande vipande enzi za mababu, vikaungwa humo humo.

Lakini si vyombo vilivyomtia Kombe hofu. Mwaka uliopita, katika nyumba moja ya Kizingo, aliisimamisha ngazi juu ya nailoni, nailoni ikateleza kwenye vigae, naye akazindukia hospitali, nyonga imevunjika. Mafundi wenzake aliwaambia kagongwa na bodaboda, maana fundi aliyeanguka hakuna amwitaye tena. Habari ya nailoni waliijua watu wa nyumbani kwake tu. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aweke magongo kando. Akirudishwa nyumbani leo, kazi ya mikono yake ndiyo imekwisha.

"Mama, kuna mtu amekwambieni neno juu yangu?" aliuliza.

"Twambiwe nini?" Bi Mwanarusi alijibu. "Tandika, fundi, jua lapanda."

Akatoa magazeti. Mnong'ono ukapita. Magazeti hujikunja miguuni, akaambiwa. Akafungua turubai lake kuukuu, lililoganda rangi za nyumba ishirini. Mnong'ono tena. Turubai lina magamba, mtu atajikwaa.

"Basi nitandike nini, mama? Nipae?"

Bi Mwanarusi alicheka kidogo, akaenda kuburura kitu kutoka chumba cha pili. Yalikuwa magunia ya katani, yamefuliwa, yakashonwa pamoja kwa uzi wa matanga ya jahazi, kingo zimekunjwa ndani zisimnase mtu. Yaliziba sakafu yote bila kubaki ufa. Kombe aliyapapasa kwa mguu wake mbovu. Hayakusogea hata kidogo. Moyo ulimuuma. Mtu aliyeketi siku kadhaa akishona vile alikuwa amekwisha kukata shauri, kabla hajamwona, kwamba fundi huyu si wa kuaminiwa.

Alimkumbuka mwanawe Kiti, karani wa Kilindini, aliyemletea habari ya kazi hii. Alipomuuliza ameipata wapi, Kiti alijifanya kutafuta viatu.

Akapanda. Ngazi haikutetemeka. Akakwangua, akaziba nyufa, akapaka mkono wa kwanza, na kila aliposhuka alihisi kuna jicho nyuma ya pazia linalohesabu vidato.

Saa nne Bi Mwanarusi alimletea chai.

"Haina tangawizi," alisema. "Kunywa, haitakudhuru."

Kombe akanywa, akashukuru. Tangawizi ilimchoma tumbo tangu ujana.

"Mungu amekujaalia watoto wangapi, fundi?"

"Wawili. Kiti na mdogo wake, Maxwell."

"Wa kiume watupu?"

"Wawili tu," Kombe alisema upesi, kama alivyozoea kusema miaka sita sasa.

Nyuma ya pazia kikombe kilianguka kikavunjika. Bi Mwanarusi aliingia nyuma ya pazia. Siku ile hakuja tena na amri yoyote. Kombe alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba kesho atakuta mlango umefungwa.

Haukuwa umefungwa. Alipaka mkono wa pili, na alasiri dari ilikuwa imetulia, nyeupe, bila doa hata moja kwenye kabati wala sakafuni. Alisimama chini akaitazama, akajiona fundi tena. Akaanza kufunua vyombo. Alikuwa anaikung'uta shuka ya kitandani pazia lilipovutwa, akaona miguu mitupu ya kike ikikanyaga magunia.

Kombe aligeuka ukutani haraka, akajifunika shuka ile uso mzima. Mjane wa watu amemtokea. Sasa hata hii dari haitamwokoa.

"Nisameheni, mama," alisema ndani ya kitambaa. "Sijaona kitu. Naapa sijaona."

Miguu ile ilisogea, ikasimama karibu naye.

"Ondoa shuka usoni," alisema Bi Mwanarusi kwa upole. "Mwanamke wa eda hajifichi kwa babake."

Kombe hakuiondoa. Ndipo, kwa mara ya kwanza, mnong'ono ukawa sauti.

"Tulikuwa watatu, baba."