Kidole Shavuni

Kila saa, muuguzi Mwajabu alikibonyeza kwa kidole kipande cha nyama kilichoshonwa shavuni mwa Bi Rukaya, akahesabu mpaka rangi irudi. Madaktari walikuwa wamekitoa pajani mwake ili kuziba pengo lililoachwa na saratani. Jana rangi ilirudi kabla hajafika tatu. Asubuhi hii kilikuwa cha baridi, kimepauka kama jivu.

Daktari alikuja akakichoma sindano. Wakangoja. Halikutoka hata tone la damu.

“Mishipa imeziba, na tulishaizibua mara mbili,” alimnong'oneza Mwajabu mlangoni. “Kesho tutakiondoa. Usijisumbue kupima tena.”

Mwajabu aliporudi kitandani, Bi Rukaya alikuwa ameshamgeuzia shavu.

“Mwanangu, saa imefika,” alisema, maneno yakimtoka kwa shida. “Mjukuu wangu ananiogopa. Nikipona, atanibusu hapa.”

Mwajabu alisugua viganja mpaka vikapata joto, akabonyeza.

“Imerudi?”

Nje ya dirisha, watu waliokuja kuona wagonjwa walikuwa wameanza kujipanga getini. Mwajabu aliwatazama, kidole kikiwa palepale shavuni, asithubutu kukiinua.