Azimio la Mgongoni

Hili liliwapata ndege wa nyasi ndefu, na mpaka leo hawapendi lisimuliwe. Nyati waliyemjua akiwa ndama sasa alikuwa dume zima, na kila asubuhi alikula majani karibu zaidi na viota vyao vya chini.

Yangeyange, mpenda vikao, akawaita Kanga na Kwale. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayemtoa Nyati kupe mpaka aahidi kukaa mbali na mayai yao.

"Akiwashwa siku tatu tu, atatutafuta mwenyewe," Yangeyange akasema.

Siku ya pili njaa ikamuuma Yangeyange. Akajiambia anakwenda tu kuona kama kuna msaliti. Akatua mgongoni mwa Nyati, akameza kupe mmoja kwa ajili ya uchunguzi, na hapo akamwona Kwale nyuma ya sikio, na Kanga shingoni, mdomo umejaa.

"Mwenzangu, mimi nampeleleza," Kanga akawahi kusema.

"Mimi nambembeleza," akasema Kwale.

Yangeyange aliona aibu, lakini si kwa muda mrefu. "Basi akidi imetimia. Tukae hapa hapa."

Wakajadiliana kwa ukali huku wakidonoa, na Nyati akawa anajiendea zake taratibu. Mwishowe wakapitisha kwa kauli moja: Nyati asikanyage hata yai moja.

Chini yao kitu kikapasuka, kisha kingine. Yangeyange akainama, akakitambua kiota chake.

"Azimio zuri," Nyati akasema bila kugeuka. "Ila hapo karibu na mkia bado panawasha."