Turubai Zilizogusana

Turubai zilikuwa zimegusana.

Kwenye kompyuta Wirya aliivuta karibu picha ya setilaiti, akaivuta tena. Chini ya moshi wa udongo wa mboji uliokuwa ukiungua kusini mwa mji wa Palangka Raya, miraba miwili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, ilikuwa imelala ubavu kwa ubavu kama watu kitandani.

Kosa kama hilo hata mwanafunzi halifanyi. Turubai hutandikwa zikiwa zimeachana, ili mwanga wa ile nyeupe usiimwagikie nyeusi. Setilaiti ikipita juu huziona zimefifia. Wirya, anayezijua rangi halisi za turubai hizo, hupata hapo kipimo cha uongo wa moshi, kisha huuondoa uongo huo kwenye picha nzima.

Aliyezitandika alikuwa Lamiang, mkewe. Lamiang ambaye huweza kumgombeza mtu kwa mkunjo mmoja tu.

Zamani walizibeba wao wawili: Lamiang nyeupe, Wirya nyeusi. Ndivyo walivyopendana kule porini. Kwenye harusi yao, rafiki yao Dehen alisimama akawaita Bwana Nyeusi na Bibi Nyeupe, na ukumbi mzima ukacheka. Kisha moshi ukamkaa Wirya kifuani. Daktari akamkataza pori, ofisi ikampa kiti, na turubai nyeusi akaichukua Dehen.

Dehen mwenye mabega. Dehen anayeimba huku akiendesha mashua.

Wirya alikumbuka sauti ya mkewe jana yake, ikikwaruza kwenye redio ya kituo cha porini, ikimwita Mas, yaani kaka, kama mke amwitavyo mume.

"Mas, picha ya kesho isafishe wewe mwenyewe. Usimwachie mtu."

"Kwa nini?"

"Nina neno la kukuambia. Lakini si humu, vituo vyote vinasikiliza."

Nyuma yake Dehen aliangua kicheko.

"Nyamaza wewe!" Lamiang alimwambia, naye akicheka.

Nyumbani hakuwa amecheka hivyo kwa wiki kadhaa. Asubuhi ya kuondoka alikuwa ameisukuma kando kahawa aliyotengenezewa, akageuza uso, kana kwamba hata harufu ya mkono wa mumewe imemchosha.

"Mbona umenuna hivyo?" Bu Hartini, mama aliyekuwa mkuu wao wa kazi, alisimama nyuma ya kiti chake na mfuko wa ndizi za kukaanga. "Kula moja, uso ulainike."

"Turubai zimewekwa vibaya, Bu."

"Ziwekwe vibaya na Lamiang? Acha mzaha. Ondoa moshi kwanza, ndipo useme."

Wirya akaanza kuuondoa. Ukungu ulitoka tabaka kwa tabaka. Mifereji ikapata kingo zake, miti ikarudi kuwa ya kijani. Na pale turubai zilipogusana, juu ya mpaka wa zote mbili, pakatokea kitu kidogo cha kijivu.

Mkeka, aliwaza. Wamejitandikia mkeka. Saa ya setilaiti kupita, saa ambayo hata ndege hufukuzwa pale, wao wamekaa.

Bu Hartini aliinama. Alitazama nyeusi, akatazama nyeupe, akakitazama kile cha kijivu. Akaacha kutafuna. Kisha akamshika Wirya begani, taratibu, kama mtu anavyomshika mwenye habari nzito.

"Mwanangu," alisema, "ningekuwa wewe, ningekwenda leo hii."

Hata yeye ameona. Wirya akazima kompyuta.

Nyumbani alifungua kabati, akatia nguo za Lamiang kwenye begi kubwa, zote, hata gauni pana alilopewa na mama mkwe, ambalo hakuwahi kulivaa. Hakukunja kitu. Alifunga barakoa, akakodi mashua ya mashine, na njia nzima, kati ya kikohozi na kikohozi, aliyapanga maneno yake. *Kama umeshachagua, nguo zako hizi hapa.* Akayapunguza. *Nguo zako hizi hapa.* Akaona yanatosha. Mara mbili alitaka kumwambia mwenye mashua ageuze, maana alijua kwamba akishayasema hatakuwa tena na mke. Hakumwambia.

Dehen alikuwa gatini, kifua wazi, akifunga kamba.

"Bwana Nyeusi! Umekuja mbio, eh? Na mapafu yako hayo?"

Wirya akampita.

"Haya, leo hatusalimiwi," Dehen akacheka. "Nenda, nenda. Yuko uwanjani. Amenikataza kuzikunja mpaka uzione kwa macho yako."

Turubai zilikuwa bado pale, nyeusi na nyeupe, pembe kwa pembe. Kile cha katikati hakikuwa mkeka. Kilikuwa kipande cha turubai ya kijivu, kimekatwa vizuri, kingo zake zimeshonwa kwa mkono, nusu yake juu ya nyeusi, nusu juu ya nyeupe.

"Nilimwambia tukate kikubwa, setilaiti isije ikakikosa!" Dehen alipaza sauti kutoka gatini. "Akakataa katakata. Ati mwanzoni huwa kidogo!"

Lamiang alikuwa akija mbio, halafu, kama aliyekumbuka jambo, akaacha kukimbia akatembea. Macho yake yalitoka usoni kwa Wirya yakashuka mpaka kwenye begi, ambamo gauni pana lilikuwa likichungulia, na palepale yakajaa machozi.

"Umeisoma picha," alisema. "Na nguo pana umeniletea, Mas? Hizi zimeshaanza kunibana."